Mpini Utasema Wenyewe

Jambia lile, msomaji, bado liko juu ya meza ya kazi pale pale ulipoliacha Jumamosi iliyopita, na kidole cha Daktari Stoffels bado kimeelekezwa puani kwa Volkmar Everts.

"Mwizi!" ndilo neno la mwisho ulilosikia. Daktari alilirudia, asije mtu akadhani ameteleza ulimi.

"Mwizi mkubwa! Nilikuletea jambia la vita la mwaka 1916. Mpini wake ulikuwa na ufa wa vidole vitatu, hata kipofu angeuona. Leo wiki ya tatu unanirudishia mpini mzima kama yai! Ufa umekwenda wapi? Umehama? Umeng'oa mti wangu wa kale ukauuza, ukanibandikia mti mpya!"

Volkmar aliweka tupa chini. Alimtazama kwanza, kuanzia chini kwenda juu, kama mtu anavyokagua ubao kabla ya kuukataa. Viatu vinavyong'aa, ambavyo havijakanyaga tope la mto Wupper hata siku moja. Suruali yenye mkunjo unaoweza kukata jibini. Koti la manyoya. Na katika mfuko wa kifuani, kile kijiti cha chuma chenye kioo kidogo cha kukagulia meno, ambacho Daktari hutembea nacho hata siku za mapumziko, achungulie majambia kama anavyochungulia vinywa vya watu. Mwanamume mwenye majambia arobaini ndani ya kabati la vioo, na hajawahi kunoa hata kisu cha jikoni kwake!

"Umemaliza, Daktari?"

"Sijaanza!"

"Basi anza, maana kahawa ya mama inakaribia, na mimi siwezi kunywa kahawa mtu akinibwekea sikioni."

Nyuma ya Daktari alisimama Mzee Ewald Grah, amekumbatia daftari jeusi kifuani. Huyu ndiye mkaguzi wa chama cha wakusanyaji wa silaha za kale. Jina la fundi likiandikwa kwa ubaya ndani ya daftari lile, hakuna mkusanyaji kutoka mji huu wa Solingen hadi Köln atakayempa fundi huyo hata kisu cha kupakia siagi. Na karakana ya Everts haikuwa na riziki nyingine. Viwanda vya mji siku hizi vinabandika mipini ya plastiki kwa mashine, na mafundi mipini wanakufa mmoja mmoja kama nzi wa Novemba. Daftari likifunguliwa leo, kesho kile kibao cha mlangoni, "Gustav Everts na Mwana, Mafundi Mipini", kitakuwa kuni.

Gustav alikuwa amelala makaburini mwaka wa sita sasa. Mwana ndiye huyu, umri wake miaka ishirini na saba, kiburi chake miaka mia mbili.

"Bwana Grah," Volkmar alisema, "na wewe umekuja kubweka, au umekuja kukagua?"

Zamani, alipokuwa mtoto, alimwita mzee huyu Ami Ewald, akapanda mabegani mwake kwenda sokoni. Leo alimwita Bwana Grah, na neno "bwana" alilitema kama kokwa.

Mzee aliinamisha macho. "Mimi nasema yaishe, kijana. Mwombe Daktari radhi. Daktari, chukua jambia lako uende. Mti ni mti."

"Mti ni mti!" Volkmar aliangua kicheko. "Umesikia, Daktari? Mzee huyu ametia mipini miaka thelathini kabla hajapewa daftari, na leo anasema mti ni mti. Basi na meno ni meno. Wateja wako uwawekee ya mbuzi."

"Usinidhihaki!"

"Sikudhihaki, nakufundisha, na wala sikutozi. Sikiliza. Jambia hili ulilitundika wapi?"

"Kwenye kabati langu. Kabati la kisasa, lenye taa ndani."

"Taa ndani. Na chini ya kabati?"

"Bomba la joto la nyumba."

"Mungu wangu! Umeweka mti wa mjozi kati ya taa na bomba, kama soseji kati ya mikate. Ulikauka, ukasinyaa, ukapasuka. Mti ni kama ulimi, Daktari, unaishi kwa unyevu. Mimi sikung'oa kitu. Niliulaza siku ishirini ndani ya sanduku lenye maranda mabichi, chini kule kwenye ukuta wa mto, ambako hata mawe yanatoka jasho. Sikuutia tone la maji. Hewa tu. Kila asubuhi niliupima kwa mizani ya barua. Ulipokunywa ukatosha, ufa ukafumba wenyewe, kama jicho la mtu anayelala. Kisha nta ya nyuki kidogo, na kiganja changu. Basi."

Daktari alimgeukia Mzee Grah. "Inawezekana hiyo? Mti ukajishona?"

Mzee Grah alikohoa. "Wanasema... wanasema inawezekana."

"Wanasema!" Volkmar alipiga meza. "Wewe ulijifunza wapi? Ulikaa na baba yangu kwenye meza hii hii! Wanasema!"

Ngoja nikuambie, msomaji, kwa nini moyo wa Volkmar ulikuwa unawaka hivyo. Si wizi tu aliosingiziwa. Kwa siku ishirini alikuwa ameupenda mpini ule. Una mifuo tisa ya mshazari, imechongwa kwa mkono, na kila mfuo umekaa mahali kidole kinapotaka kukaa. Kila alipoushika aliona kana kwamba mtu anampa mkono wa heri. Hakujua ni nani. Fundi fulani wa zama za vita vya kwanza, aliyekufa bila jina. "Huyu alikuwa mfalme," alimwambia mama yake mezani. "Siku hizi hakuna mikono kama hii." Na sasa mng'oa meno anasema mpini wa mfalme ni gogo jipya!

"Unataka ushahidi?" Volkmar aliuliza. "Upo. Kila fundi mipini wa mji huu anatia alama yake upande wa ndani wa mti, pale unapolalia msuka, ule mkia wa chuma unaoingia mpinini, mahali asipoona mtu. Viwanda vilikuwa vinatupatia kazi majumbani kwa dazeni, na mpini ukilegea unarudishwa kwa aliyeutia. Mimi nilianza kujifunza nikiwa na miaka kumi. Nikisahau alama, baba ananigonga vidole kwa tupa. Sasa sisahau hata nikiwa na homa. Mkono unaitia wenyewe. Kama mti huu ni wangu, alama yangu imo ndani. Tutoboe ribiti mbili hizi, misumari inayoushika mti, tufungue, tuone!"

"Hapana!" alisema Daktari. "Ukitoboa ribiti, nusu ya thamani imekwenda."

"Hapana!" alisema Mzee Grah wakati huo huo. "Haufunguliwi! Haufunguliwi kabisa!"

Sauti ya mzee ilipanda kuliko haja. Volkmar aliisikia, akaidharau, akaipita. Wewe, msomaji, usiipite.

"Sawa. Hamtaki kutoboa. Basi tuuulize mti wenyewe." Volkmar alivuta kigoda, akakiweka shibiri moja kutoka kwenye jiko la makaa lililokuwa limeiva pembeni mwa karakana. Akalichukua jambia, akalilaza juu ya kigoda, mpini ukielekea moto. "Nilichofanya kwa siku ishirini, jiko litakitengua kwa saa mbili. Ufa ukirudi pale pale ulipokuwa, mti ni wako, Daktari. Hakuna fundi duniani anayeweza kupandikiza ufa wa mtu mwingine ndani ya mti mpya."

"Na usiporudi?"

"Bwana Grah aandike jina langu, na kile kibao nitakishusha kwa mikono yangu. Lakini ukirudi, utaniomba radhi hapa, kwa sauti, mama yangu akisikia. Na daftari liandike hivyo."

"Lakini mpini wangu utapasuka tena!"

"Mara ya kwanza uliupasua bure. Mara hii utaupasua kwa faida. Nitautibu tena, wiki nyingine tatu, bila malipo. Nakuhurumia."

Daktari alitazama jiko, akatazama jambia, akatazama uso wa kijana. Kiburi kikimkuta kiburi, akili hutoka nje ikangoja uani. "Haya," alisema. "Tutaona nani ataaibika."

"Kijana," Mzee Grah alinong'ona, "mwanangu, acha."

"Mimi si mwanao. Baba yangu hakuwa mwoga."

*

Saa kumi kamili Mama Hulda Everts aliingia na kahawa. Katika nchi hii hata adui, ukimkuta nyumbani kwako Jumamosi saa kumi, unampa kahawa. Alikuja na birika la bati lenye bomba, na sahani ya keki za chuma, zile zinazookwa kati ya vyuma viwili, zilizofunikwa kwa cheri za moto. Mwanamke mfupi, mkavu, mikono imejaa makovu madogo ya miaka ya msasa.

Aliliona jambia juu ya kigoda. Akasimama.

Akasogea hatua moja, alitazame vizuri.

"Hilo limetoka wapi?" aliuliza.

"La Daktari, mama. Tunalikausha kidogo, apate akili."

Mama Hulda hakucheka. Alimtazama Mzee Grah, na Mzee Grah alitazama viatu vyake. Kisha mama aliweka birika mezani, akakaa kwenye kiti cha marehemu mumewe, mikono mapajani, kama mtu anayengoja treni ambayo haipendi.

Nusu saa ikapita. Mpini haukusema.

"Gogo jipya," alisema Daktari, mdomo umejaa cheri. "Nilijua. Gogo jipya halipasuki."

"Tafuna, Daktari. Meno yako unayajua zaidi kuliko miti."

Saa nzima ikapita. Daktari alianza kutabasamu. Alimwomba Mzee Grah amwazime kalamu, aijaribu kama inatoa wino. Jasho lilimtoka Volkmar shingoni, na si kwa sababu ya jiko. Je, kama mti umekunywa mno? Je, kama nta imeziba pumzi? Juu ya meza, kwenye boriti, yalikuwepo maneno aliyoyachonga baba yake kwa patasi, na kwa mara ya kwanza Volkmar aliyasoma kama mtu anayeomba msaada:

*Mti mkavu unyweshe, usiukaushe tena;*
*Kazi ndiyo ioneshe, bila wewe kujinena.*

Usiukaushe tena. Na yeye alikuwa anaukausha.

Ndipo harufu ikaja.

Mwanzoni ilikuwa nyembamba. Halafu ikajaa karakana nzima. Haikuwa ya nta wala ya makaa. Mama Hulda aliinua pua.

"Nani ameleta saladi ya viazi?"

Volkmar alichutama mbele ya kigoda. Kutoka kwenye mifuo ya mpini vilikuwa vinatoka vitone, kimoja hapa, kimoja pale, vya rangi ya manjano. Alikigusa kimoja kwa kidole, akanusa. Akainuka polepole, uso wake ukiwa na furaha mbaya kabisa.

"Daktari. Siku uliyoniletea jambia nilikuuliza: umeupaka kitu? Ukaniapia: hata pumzi yangu haijaugusa. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Mimi niliona mpini unanata. Nikaukandika unga wa chaki mara kumi na moja, unyonye uchafu, nikanyamaza kwa adabu. Sasa mti unatapika kilichobaki. Haya ni mafuta gani?"

Daktari alimeza cheri bila kutafuna. "Labda... matone mawili tu. Nilisoma mahali kwamba mti mkavu unapenda mafuta."

"Matone mawili?"

"Bakuli dogo."

"Uliulaza ndani ya bakuli?"

"Usiku mmoja tu!"

"Daktari."

"Wiki. Wiki moja! Mke wangu alikuwa Düsseldorf kwa dada yake, sikujua mafuta mengine yako wapi, nikachukua ya saladi!"

Hata Mama Hulda alijifunika mdomo. Volkmar alicheka mpaka akashika meza.

"Wiki moja ndani ya mafuta ya saladi! Ungeongeza siki na kitunguu, ukala! Jambia lilitoka kwenye mahandaki, likapita mizinga, gesi na matope, halikufa. Likaja kufia jikoni kwa daktari wa meno! Na bado una mdomo wa kuniita mwizi?"

Mzee Grah alikuwa tayari amesimama, daftari wazi, kalamu inakimbia. "Imethibitika!" alisema kwa haraka. "Mti mpya hauwezi kutoa mafuta ya Daktari. Mti ni wake, kijana hana kosa. Naandika hivyo, na sahihi yangu hii hapa. Daktari, mwombe radhi. Volkmar, ondoa jambia kwenye moto. Limekwisha."

Na Daktari, uso umemwiva kama zile cheri, alisema, "Haya. Nimekosea."

Hapa, msomaji, mtu mwenye busara angelipangusa jambia, akalifunga kwenye kitambaa, akawasindikiza wageni mlangoni akiimba. Jina lake limesafishwa. Kibao chake kimebaki. Kuna nini tena cha kutafuta?

Lakini busara haikuwa miongoni mwa vifaa vya karakana ile.

"Nilisema ufa," Volkmar alijibu.

"Kijana, inatosha!"

"Haitoshi. Mafuta ni ushahidi wa ujinga wake. Mimi nataka ushahidi wa kazi yangu. Nataka auone ufa kwa macho yake, ajue nilichokitibu. Kesho asije akasema niliyamwaga mafuta mimi."

"Siwezi kusema hivyo," Daktari alisema kwa unyonge.

"Wewe? Wewe unaweza kusema lolote."

Akakisogeza kigoda karibu zaidi na moto, upana wa vidole viwili.

"Volkmar," mama yake alisema. Neno hilo moja tu.

Hakugeuka.

Tak!

Sauti ilikuwa kali kama jino linalovunjika, na Daktari, aliyeijua sauti hiyo kuliko wote, aliruka kitini. Ufa ulikuwa umefunguka. Ulianzia kwenye ribiti ya pili, ukakata mfuo wa tatu, ukaishia ulipokuwa unaishia siku ya kwanza. Vidole vitatu kamili.

"Huo hapo!" Volkmar aliita, mikono juu, kama mtu aliyepata mtoto. "Huo hapo! Upime! Mwite mkeo aupime! Sasa niombe radhi kwa sauti!"

"Niwie radhi, Bwana Everts," Daktari alisema kwa sauti. Kisha akainama. "Lakini huku mwisho kuna nini? Mbona pameachana?"

Kweli. Mpini ule ulikuwa na mabapa mawili ya mti yaliyokumbatia msuka. Bapa lililoelekea jiko lilikuwa limejikunja kwa ukavu, ncha yake ya nyuma imeinuka kutoka kwenye chuma kama soli ya kiatu cha maskini. Mwanya ulikuwa mwembamba, lakini ulikuwepo.

Mzee Grah alirusha mkono kulinyakua jambia. Alirusha kwa pupa mno. Kiganja chake kikagusa jiko. Alilia kwa maumivu, akajirudisha nyuma, daftari likaanguka sakafuni.

"Mwone huyu naye," alisema Volkmar. "Miaka thelathini kwenye kazi, hajui jiko ni la moto."

Lakini Daktari hakuwa anamtazama mzee. Macho yake yalikuwa yameng'aa. Uroho una dawa zake, huponya aibu kwa dakika moja.

"Bwana Everts, ulisema alama iko ndani ya mti. Sasa tunaweza kuiona bila kutoboa! Alama ya fundi wa mwaka 1916! Hilo litapandisha thamani maradufu!" Alichomoa kile kioo cha kukagulia meno kutoka mfukoni, akajaribu kuchungulia, akakwaruza chuma, akaambulia kivuli cha pua yake. "Sioni kitu. Angalia wewe. Wewe unajua pa kuangalia."

Volkmar alikipokea kioo. Na moyo wake, msomaji, ulidunda. Siku ishirini alijiuliza mfalme yule alikuwa nani. Sasa angeshikana naye mkono kwa jina.

"Usiangalie," alisema Mzee Grah, kiganja kwapani. "Nakuomba. Kwa ajili ya mama yako."

"Mama yangu anahusikaje na mahandaki?"

Alivuta taa ya meza. Akakiingiza kioo mwanyani, kama anavyokiingiza Daktari kati ya shavu na ufizi. Akakizungusha polepole.

Alama ilikuwepo.

Nukta moja. Mistari mitatu mifupi. Na kijikia kidogo kwenye mstari wa mwisho, kama ndoano.

Volkmar aliijua kabla macho hayajamaliza kuisoma. Aliijua kama anavyoujua mlango wa nyumba yao gizani. Ndiyo alama aliyoitia yeye mwenyewe maisha yake yote, isipokuwa kwamba yake ina mkato mmoja zaidi, mkato wa mwana. Hii haikuwa na mkato wa mwana.

Hii ilikuwa ya Gustav Everts.

Gustav Everts, aliyezaliwa mwaka 1919, miaka mitatu baada ya jambia hili kutoka kiwandani kama linavyodaiwa.

Karakana ilianza kuzunguka. Mifuo tisa iliyokaa mahali vidole vinapotaka. Yule fundi wa zamani asiye na jina. Mkono wa heri. Baba yake alikuwa ameketi kwenye meza hii hii, akachonga uzee wa uongo ndani ya mti mpya, akaupaka moshi na jasho, akauuza kama mabaki ya vita. Kazi nzuri kuliko zote. Na alipofika mwisho, mkono wake, ule mkono uliogongwa kwa tupa tangu utotoni kama wa mwanawe, ulitia alama wenyewe. Mghushi wa mji mwingine asingefanya hivyo hata kwa kulewa. Wa Solingen tu ndiye angeweza kughushi jambia zima halafu akalitia sahihi ya kweli.

Mbele ya macho yake kulikuwa na boriti. *Kazi ndiyo ioneshe.*

"Unaona nini?" Daktari aliuliza, akimpumulia shingoni. "Ipo? Alama ya nani?"

Volkmar alimtazama Mzee Grah. Mzee alikuwa anatokwa na machozi, na safari hii hayakuwa ya jiko. Mchana kutwa kijana alikuwa amemwita mwoga. Mchana kutwa mzee alikuwa amesimama mbele ya kaburi la rafiki yake, akizuia lisifukuliwe.

"Ami," Volkmar alisema. 

"Alama ya nani, bwana? Sema!"

Kijana huyu aliyewadharau waongo tangu ajue kusema, aliyecheka mafuta ya saladi mpaka akashika meza, alichomoa kioo kutoka mwanyani. Akakipangusa kwa aproni. Akamrudishia mwenyewe.

"Hakuna kitu," alisema. "Mti mtupu."

Ulikuwa uongo wake wa kwanza ndani ya karakana ile, na hakuwa na ufundi nao. Sauti ilimpasuka pale pale ulipopasuka mpini.

Kiti kikalia nyuma yao. Mama Hulda alikuwa amesimama. Alikuja hadi kwenye kigoda, akaliinua jambia kutoka motoni kwa mikono yake mikavu, akapitisha kidole gumba kwenye mifuo, mmoja baada ya mwingine, mpaka wa tisa. Alifanya hivyo bila kutazama, kama anayehesabu tasbihi yake mwenyewe.

"Usimsingizie baba yako, mwanangu," alisema. "Hakuwahi kusahau alama. Na hakuwahi kufanya kazi ya kimoja kimoja. Mtu wa mji huu hufanya kwa dazeni."

Akaliweka jambia mbele ya Daktari, taratibu, kama anayeandaa meza.

"Moja limerudi nyumbani. Yamebaki kumi na moja."

"Kumi na moja yapi?" Daktari aliuliza, na rangi ilianza kumtoka, kwa maana alikuwa ameanza kuyahesabu kichwani yale ya kabatini kwake. "Mama, kumi na moja yapi?"

 Mzee Grah aliokota daftari lake sakafuni kwa mkono mzima. Akaenda mlangoni. Akazungusha ufunguo mara mbili, kwa ndani, mtu asitoke na siri ile, kisha akautia mfukoni.